Jimbo hupotea Agosti, matokeo yakatangazwa Oktoba: kwa nini vyama vyetu hushinda na kushindwa ubunge

#1 – Mleta mada

Wanajamvi, heshima kwenu.

Kila uchaguzi mkuu unapopita, maelezo yanayotolewa huwa ni yale yale. Chama kilichoshinda jimbo husema wananchi wameikubali ilani yake, na kilichoshindwa husema kimeporwa. Yapo majimbo ambayo maelezo hayo yana ukweli wake, na sikuja kuyafuta. Nimekuja na hoja ambayo naona haizungumzwi vya kutosha: majimbo mengi ya Tanzania Bara yaliyohama kutoka chama kimoja kwenda kingine yaliamuliwa ndani ya vyama vyenyewe, wiki nyingi kabla mpiga kura hajashika karatasi. CCM, chama tawala, ilifanya kura zake za maoni, yaani kura za ndani za kumpata mgombea, tarehe 1 Agosti 2010, na miaka mitano baadaye ikazifanya tena tarehe 1 Agosti. Uchaguzi wenyewe ulifanyika tarehe 31 Oktoba 2010 na tarehe 25 Oktoba 2015. Ni katika kipindi hicho cha katikati ambapo chama huamua kama kitaingia uwanjani kikiwa kimoja au kikiwa vipande.

Nianze na Karatu. Mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virejeshwe mwaka 1992, Dk. Willibrod Slaa aliomba ridhaa ya CCM kugombea ubunge, akaongoza kura za maoni, kisha vikao vya juu vikalikata jina lake. Akahamia chama cha upinzani cha Chadema, akashinda. Tangu siku hiyo Chadema haikuliachia jimbo hilo hadi mwaka 2020: Slaa alikaa miaka 15, akafuatiwa na Mchungaji Israel Natse mwaka 2010, kisha Willy Qambalo mwaka 2015. Robo karne ya jimbo ilitokana na uamuzi wa kikao kimoja. Sidhani kwamba wana-CCM wa Karatu waliomfuata Slaa walikuwa wamekaa chini wakailinganisha itikadi ya Chadema na ya chama chao. Walikuwa wamepiga kura ndani ya nyumba yao, wakaambiwa kura zao hazikuhesabika, na mtu akiambiwa hivyo nyumbani kwake hahitaji kushawishiwa sana na jirani.

Hapa ni lazima tuikumbuke sheria, kwa kuwa ndiyo inayoupa ukataji wa majina uzito usioonekana katika nchi nyingine. Kwetu hakuna mgombea binafsi. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilimpa haki zaidi ya mara moja, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua upande wake, lakini utaratibu haukubadilika. Kwa hiyo mtia nia aliyekatwa ana njia tatu tu. Anaweza kunyamaza na kungoja miaka mitano, anaweza kubaki ndani akafanya kampeni ya chinichini dhidi ya aliyeteuliwa, au anaweza kuhama na kadi zake, mabalozi wake wa mashina, yaani viongozi wa chama wa ngazi ya chini kabisa, na vijana wake wa pikipiki. Njia ya kwanza hukiacha chama salama. Ya pili humpunguzia mgombea kura ambazo hazionekani zilikokwenda, na ya tatu humjenga mpinzani kwa matofali ya chama chenyewe.

Iringa Mjini mwaka 2010 ni mfano ambao wengi wenu mnaukumbuka. Frederick Mwakalebela aliongoza kura za maoni za CCM, jina lake likaondolewa, na aliyepitishwa akawa mbunge aliyekuwepo, Monica Mbega. Mchungaji Peter Msigwa wa Chadema akalichukua jimbo. Mwaka 2015 CCM ilimrudisha Mwakalebela kama mgombea wake, na Msigwa akamshinda naye pia. Watu husimulia sehemu ya kwanza ya kisa hiki na kuisahau ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye funzo kubwa zaidi. Kosa la uteuzi halisahihishwi kwa kumteua mtu yule yule miaka mitano baadaye, kwa sababu wakati huo mpinzani ameshakuwa mbunge, amezika na wafiwa, amekaa kwenye vikao vya halmashauri, amejulikana kwa jina hadi mitaa ya pembeni, na wale waliompigia kura kwa hasira mara ya kwanza wamemzoea.

Sasa niseme neno kuhusu idadi ya waliojitokeza, kwa sababu naamini kura ya hasira mara nyingi ni kura isiyopigwa kabisa. Mwaka 2005 walijitokeza takriban asilimia 72 ya walioandikishwa. Mwaka 2010 walijitokeza asilimia 42.8 tu. Kura za urais za CCM zilishuka kutoka milioni 9.1 hadi milioni 5.3, wakati Dk. Slaa, mgombea urais wa Chadema mwaka huo, alipata milioni 2.3. Hata tukidhani kwamba kila kura ya Slaa ilitoka CCM, jambo ambalo haliwezekani kwa kuwa Chadema ilikuwa na watu wake tangu zamani, bado zingebaki zaidi ya kura milioni moja na nusu ambazo hazikwenda kwake. Daftari lilikuwa na majina ya marehemu na ya waliohama, nakubali, na hilo lilishusha asilimia. Lakini kura zenyewe zilipungua, na si asilimia peke yake. Mwaka huo majimbo yaliongezeka kutoka 232 hadi 239, na viti vya CCM vya majimbo vikapungua kutoka 206 hadi 186. Chadema ilitoka viti 5 ikafika 23, na NCCR-Mageuzi ambayo haikuwa na kiti cha jimbo ikapata 4.

Huo ndio mwaka ambao kwa mara ya kwanza CCM iliwaruhusu wanachama wote, na si wajumbe wachache wa mkutano, kuwapigia kura watia nia. Nia ilikuwa njema: kuwahonga wanachama elfu thelathini ni kazi ngumu kuliko kuwahonga wajumbe mia tano. Hata hivyo zoezi hilo lilifanya mashindano ya ndani yafike hadi shinani. Kabla ya hapo, makundi yalikuwa ya viongozi wa wilaya. Baada ya hapo, majirani wawili wenye kadi moja walijikuta katika kambi mbili, na ilipofika Septemba waliambiwa wavunje makundi kwa muda wa mkutano mmoja wa hadhara. Makundi hayavunjwi hivyo. Aliyetumia nauli yake, muda wake na jina lake kumnadi mtu wake mtaani anahitaji kuendewa nyumbani, kuombwa na kupewa nafasi katika timu ya kampeni, na kazi hiyo haifanywi na mgeni mashuhuri anayeteremka kwa helikopta.

Karibuni tujadili. Ningependa kusikia hasa kutoka kwa waliowahi kuwa ndani ya timu za kampeni, wa chama chochote.

#4 – Mchangiaji

Mleta mada, nashukuru kwa uzi uliotulia. Hata hivyo naona umelipa suala la uteuzi uzito kupita kiasi. Mimi ni mtu wa Igunga. Mwaka 2011 Rostam Aziz, mbunge wetu wa CCM, alijiuzulu katikati ya mzozo mkubwa ndani ya CCM, na kila mtu aliamini kwamba chama kimegawanyika na kwamba jimbo lingekwenda. Halikwenda. Je, hilo halionyeshi kwamba chama kikubwa, chenye fedha na vyombo, hushinda hata kikiwa kimepasuka?

#5 – Mleta mada

Ndugu yangu wa Igunga, umeleta mfano mzuri, na ukiuweka karibu na Arumeru Mashariki utaona ninachokisema.

Igunga ilipiga kura tarehe 2 Oktoba 2011. Dk. Dalaly Kafumu wa CCM alipata kura 26,484, na Joseph Kashindye wa Chadema akapata 23,260. Tofauti ilikuwa kura 3,224. Mpasuko uliokuwepo ulikuwa wa viongozi wa kitaifa, kwa maana ya magazeti na vikao vya Dodoma na Dar es Salaam. Kule kwenu CCM ilimleta mtu mpya kabisa katika siasa za jimbo, mtaalamu aliyetoka kuwa kamishna wa madini, asiye na deni la makundi ya nyuma, na Rostam mwenyewe hakusimama kinyume chake. Upande wa upinzani, CUF, ambayo ndiyo iliyokuwa imeshindana na CCM Igunga mwaka 2010, na Chadema, ambayo haikuwa imeweka mizizi huko, zilisimamisha wagombea wao kila moja. Chadema ilijenga jeshi la kampeni kwa wiki chache ikapata kura 23,260 mahali ambapo mwaka mmoja kabla haikuwa mshindani mkuu. Hilo ni jambo kubwa, lakini halikutosha, kwa kuwa chama ambacho hakina balozi katika kila kijiji hakina mtu wa kukitetea siku mbili za mwisho, na siku hizo mbili ndizo zenye mambo mengi.

Miezi sita baadaye, tarehe 1 Aprili 2012, ikawa zamu ya Arumeru Mashariki baada ya kifo cha Jeremiah Sumari. CCM ilirudia kura zake za maoni, ikamsimamisha Sioi Sumari, mtoto wa marehemu. Chadema ikamsimamisha Joshua Nassari, ambaye alikuwa ameshindana na marehemu mwaka 2010 akashindwa. Nassari alipata kura 32,972 dhidi ya 26,757 za Sioi. Chama tawala ni kile kile, fedha ni zile zile, vyombo ni vile vile. Kilichobadilika ni kwamba mtia nia aliyeshindwa katika marudio yale alikuwa na watu wake, na watu hao hawakuridhika. Kwamba suala la mashamba makubwa na uhaba wa ardhi kwa Wameru lilikuwa na umri wa tangu enzi za mkoloni na lilihitaji mtu wa kulisemea kwa ukali. Na kwamba mpinzani alikuwa ameshapita kijiji kwa kijiji mara moja.

Hilo la mwisho nalitilia mkazo. John Mnyika alishindwa Ubungo mwaka 2005 na Charles Keenja, akaendelea kukaa jimboni kana kwamba ndiye mbunge, akalichukua mwaka 2010. Chama kinachomtupa mgombea wake baada ya kushindwa mara moja, na kungoja mgombea mpya mwenye fedha aje baada ya miaka mitano, kinaanza sifuri kila uchaguzi.

#9 – Mchangiaji

Mkuu, hongera, lakini hujagusa mawakala, wale watu wa vyama wanaolinda kura vituoni. Tunaweza kuzungumza kuhusu uteuzi hadi kesho, na mgombea bora akapoteza jimbo kwa sababu nusu ya vituo havikuwa na mtu wake.

#10 – Mleta mada

Kaka, umenigusa mahali penyewe. Nimekuwa wakala mara mbili, 2010 na 2015, na niruhusuni niwasimulie ile ya kwanza bila kukitaja chama wala jimbo.

Wakala hawezi kujitokeza tu asubuhi akakaa kwenye benchi. Jina lake hupelekwa mapema kwa msimamizi wa uchaguzi, kisha huapishwa kutunza siri, na siku ya kura hufika na barua yake ya utambulisho. Mimi niliapishwa ofisi ya kata pamoja na wenzangu wachache, wakati orodha ya chama ilikuwa na majina zaidi ya mara mbili ya waliofika, kwa sababu wengine walipigiwa simu usiku uliotangulia na wengine hawakupigiwa kabisa. Kituo changu kilikuwa darasa la shule ya msingi. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, na baada ya hapo ndipo kazi ya wakala huanza hasa, yaani kuhesabu. Kutwa nzima hakuna aliyetuletea hata maji. Wakala wa chama kingine alikuwa na chai saa nne na chakula saa nane. Mwenzangu wa chumba cha pili alistahimili hadi saa tisa alasiri, akaniambia ana watoto nyumbani na posho aliyoahidiwa haionekani, akaondoka. Simlaumu. Kura za chumba kile zilihesabiwa bila mtu wetu kuwepo.

Nilibaki hadi usiku, nikashuhudia kila karatasi, nikatia saini fomu namba 21B, ambayo ndiyo fomu ya matokeo ya ubunge kituoni, nikapewa nakala yangu. Nakala hiyo ilikaa mfukoni mwangu siku mbili. Hakuna aliyekuja kuichukua. Nilipoipeleka mwenyewe ofisi ya wilaya ya chama, matokeo ya jimbo yalikuwa yameshatangazwa, na viongozi walikuwa wanawaambia waandishi wa habari kwamba takwimu zao ni tofauti na za msimamizi. Zingekuwa tofauti vipi, wakati fomu yangu walikuwa hawajaiona?

Nasimulia haya kwa uchungu kwa sababu najua wizi wa kura upo na lazima upigwe vita, lakini vita hivyo hupiganwa kwa karatasi. Mwaka 2015 David Kafulila, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kusini kwa NCCR-Mageuzi, alikwenda mahakamani kupinga ushindi wa Hasna Mwilima wa CCM akidai kwamba fomu za vituoni zinampa yeye ushindi. Alishindwa kesi. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu hukumu ile, lakini ubishi mzima ulihusu fomu: ipi imetoka wapi, nani ameitia saini, na ilifikaje mikononi mwa mlalamikaji. Chama ambacho hakijapanga nani atakusanya nakala kutoka kila kituo, kwa chombo gani cha usafiri, na kuzipeleka kwa nani wa kuzijumlisha usiku huo huo, hakina cha kumwonyesha jaji.

Kwa bahati mbaya gharama yake ni kubwa. Jimbo lenye vituo 300 linahitaji mawakala 300, na wa akiba, na chakula, na nauli, na posho, kwa siku moja. Ruzuku ya serikali kwa vyama hugawanywa kwa kufuata kura na viti, kwa hiyo chama kidogo kinahitaji viti ili kipate fedha, na kinahitaji fedha ili kilinde kura za kupata viti. Ndiyo maana nimewahi kuwaambia viongozi wa chama changu wapunguze matangazo, mabango na magari ya muziki, waanze na mawakala. Hawakukubali. Gari la muziki huonekana, na wakala haonekani.

#13 – Mchangiaji

Mleta mada, wewe ni mwenyeji wa Kanda ya Ziwa au nimekosea? Naomba utueleze Mwanza. Mwaka 2010 tuliona kama Mwanza imekwenda upinzani moja kwa moja, na miaka mitano baadaye ikarudi yote. Mgombea urais wa upinzani mwaka 2015 alipata kura nyingi kuliko wote waliomtangulia, halafu Mwanza Mjini ikapotea. Kwa nini?

#14 – Mleta mada

Hujakosea, ndugu yangu, na swali hili nimelala nalo usiku mwingi.

Mwaka 2010 Ezekia Wenje wa Chadema alimshinda Lawrence Masha wa CCM katika Nyamagana, moja ya majimbo ya jiji, na Masha alikuwa waziri wa mambo ya ndani. Highness Kiwia, naye wa Chadema, alimshinda Anthony Diallo wa CCM katika Ilemela. Chadema ikapata na umeya wa jiji. Kisha yakaja ya mwaka 2012: meya wake akaondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani, madiwani wake wawili wakavuliwa uanachama, na kiti cha umeya kikaangukia kwa Stanslaus Mabula wa CCM. Mwaka 2015 Mabula huyo huyo akasimama Nyamagana na kumshinda Wenje, na Angelina Mabula akalichukua Ilemela. Yaani Chadema ilimkabidhi mpinzani wake jukwaa la miaka mitatu, akafungua barabara na masoko, akawa mtu anayejulikana, kabla hata kampeni hazijaanza.

Wengine husema funzo ni kwamba chama kisiwafukuze madiwani. Sikubaliani, na sababu yangu ni Arusha. Mwaka 2011 Chadema iliwafukuza madiwani watano wa Arusha Mjini kwa kuingia mwafaka na CCM kuhusu umeya bila baraka za chama. Ilikuwa miezi michache tu baada ya tarehe 5 Januari 2011, siku ambayo watu waliuawa katika maandamano yaliyotokana na umeya huo huo. Kwa hesabu za kawaida, chama kinachojikata vidole vitano kingedhoofika. Lakini uchaguzi wa kata nne ulipofanyika Julai 2013, baada ya kuahirishwa kutokana na bomu lililolipuliwa kwenye mkutano wa Chadema viwanja vya Soweto jijini Arusha, Chadema ilishinda zote nne. Na Godbless Lema, aliyevuliwa ubunge na Mahakama Kuu mwezi Aprili 2012 na kurejeshewa na Mahakama ya Rufani mwezi Desemba, akashinda tena mwaka 2015.

Kwa nini dawa moja ilimponya mmoja na kumdhuru mwingine? Kwa maoni yangu, mwanachama wa Arusha aliielewa sababu. Aliona damu, akaona mwafaka, akaambiwa kwamba mwafaka ule umewasaliti waliokufa, na aliposimama kwenye foleni ya kura alijua anatetea nini. Kule kwetu Mwanza, mwanachama wa Igoma au Kitangiri alisikia tu kwamba wakubwa wamegombana. Hakuna aliyekuja tawini kumweleza. Diwani ndiye mtu anayemjua mwenye kisima kilichoharibika na mama ambaye mwanawe amekosa nafasi shuleni, na ukimwondoa bila maelezo umekata uzi unaomfunga mpiga kura na mbunge.

Kuhusu urais kutovuta ubunge, tazameni ramani ya 2015. Edward Lowassa, ndiye mgombea urais uliyemtaja, alipohama CCM kwenda Chadema mwishoni mwa Julai hakuhama peke yake mkoani Arusha. Mwenyekiti wa CCM wa mkoa, Onesmo Nangole, alihama naye akagombea Longido. Chadema ikapata majimbo sita kati ya saba ya mkoa ule, ikabaki Ngorongoro pekee. Huko alihama mtu na mtandao wake wa mashinani. Mwanza alikuja mgombea urais, akajaza viwanja, akaondoka, na mtandao wa CCM ukabaki ulipokuwa. Na hata ule wa Arusha haukudumu: mbunge wa Monduli aliyeshinda kwa Chadema, Julius Kalanga, alirudi CCM mwaka 2018 katika wimbi lile la wapinzani kuhamia CCM kwa kauli ya kuunga mkono juhudi za Rais Magufuli, akashinda tena kwa kofia ya kijani ya CCM, na Lowassa mwenyewe akarudi Machi 2019.

#17 – Mchangiaji

Mkuu, naongezea la Kigoma. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilipata majimbo manne nchi nzima na yote yalikuwa kwetu: Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini, Muhambwe na Kigoma Kusini. Mwaka 2015 ilipoteza yote manne, wakati ambapo kulikuwa na umoja wa vyama vya upinzani ulioitwa UKAWA. Tulitarajia umoja utusaidie, na badala yake tukagawana zaidi.

#18 – Mleta mada

Ahsante sana kwa hili. Umoja wa vyama huandikwa makao makuu, lakini majimbo yenye mvutano hugawanyika mashinani. Kwenu kulikuwa na chama kipya, ACT-Wazalendo, ambacho kiongozi wake wa wakati huo, Zitto Kabwe, ni mtoto wa Kigoma, kikamchukua Moses Machali kutoka NCCR, na chenyewe hakikuwa ndani ya UKAWA. Katika mfumo wetu mwenye kura nyingi kuliko kila mmoja wa wengine ndiye mshindi, hata kama wengi hawakumtaka. Kura za upinzani zikigawanywa mara mbili, CCM haihitaji kuongeza hata moja. Na si Kigoma peke yake: Segerea, Dar es Salaam, vyama viwili vilivyokuwa ndani ya UKAWA vilishindwa kuelewana, CUF ikamsimamisha Julius Mtatiro na Chadema ikamsimamisha Anatropia Theonest, na Bonnah Kaluwa wa CCM akashinda.

#21 – Mchangiaji

Nimesoma uzi wote kwa heshima. Lakini unaongea kana kwamba tupo mwaka 2015. Mwaka 2020 Chadema ilipata jimbo moja tu nchi nzima. Mwaka 2025 haikusimamisha mgombea hata mmoja. Mambo ya mabalozi na mawakala yana maana gani tena?

#22 – Mleta mada

Dada, swali lako ni la haki na sitalikwepa. Kuhusu Oktoba 2025, chama ambacho hakimo kwenye karatasi ya kura hakina jimbo la kuchambuliwa, na kwa heshima ya waliopoteza ndugu zao sitayachanganya mambo ya tarehe 29, siku ya uchaguzi iliyoandamana na vifo, na hesabu hizi.

Kuhusu 2020, wapinzani walilalamika kwamba wagombea wao walienguliwa na mawakala wao walizuiwa kuingia vituoni. Malalamiko hayo ni mazito na siyapunguzi uzito. Lakini nakuomba utazame kilichotangulia. Kuanzia 2016 mikutano ya hadhara ilizuiwa, na zuio hilo halikuondolewa hadi Januari 2023. Chama ambacho nguvu yake yote ilikuwa jukwaa na spika kilinyang'anywa sauti kwa miaka zaidi ya sita. Chama chenye mashina, vikao vya ndani, jumuiya za wanawake, vijana na wazazi, kiliendelea kukutana kila mwezi bila kuhitaji kibali cha mtu. Zuio lilikuwa baya, na liliumiza zaidi pale ambapo hapakuwa na matawi.

Na hilo jimbo moja ni lipi? Ni Nkasi Kaskazini, mkoani Rukwa, na mshindi ni Aida Khenani. Kabla ya hapo alikuwa mbunge wa viti maalumu, yaani viti vya wanawake ambavyo vyama hugawiwa. Halima Mdee alitoka viti maalumu akalichukua Kawe mwaka 2010. Esther Matiko alitoka viti maalumu akalichukua Tarime Mjini mwaka 2015. Susan Kiwanga alitoka viti maalumu akalichukua Mlimba mwaka huo huo. Ester Bulaya alikuwa viti maalumu kwa CCM, akahama, akamshinda Stephen Wasira pale Bunda Mjini. Tumezoea kuviona viti hivyo kama zawadi, na vipo vilivyogawiwa hivyo. Lakini aliyevitumia kwa kuchagua jimbo moja, akahudhuria vikao vya halmashauri yake, akalipa karo za watoto, akaanzisha vikundi vya akina mama, alikuwa anafanya kampeni ya miaka mitano kwa mshahara wa Bunge. Mwaka 2020 majina makubwa yaliyokuwa na helikopta yalianguka Hai, Arusha Mjini, Mbeya Mjini na Iringa Mjini. Aliyebaki amesimama alikuwa mwanamke aliyekuwa akipita vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika kwa miaka mitano, katika jimbo ambalo wengi wetu humu hatukulitaja hata mara moja wakati wa kampeni.